Waya wa HDMI wa 85,000 na PS4 ya Mama Nuru

"Kaka fundi, habari za kazi. Nimenunua TV ya inchi 43 ya 4K, na nimewaahidi wanangu, Nuru mwenye miaka 13 na mdogo wake wa miaka 9, PS4 ya likizo ya Juni. Kariakoo nimepata iliyotumika kwa 550,000. Muuzaji anasema lazima nichukue na waya wa HDMI wa 8K wenye ncha za dhahabu, 85,000, kwa sababu ule wa 12,000 utaua picha ya 4K na mwisho utaunguza TV. Nyumbani tuna ving'amuzi viwili, kimoja tunalipia 60,000 kwa mwezi na kingine 28,000, na Baba Nuru anasema hela ya gemu itoke huko huko. Je, waya huo una thamani hiyo kweli? Mama Nuru, Tabata Kimanga."

Dada yangu Mama Nuru, kazi ni njema. Waya huo wa HDMI, yaani waya unaopeleka picha na sauti kwenye TV, usiununue. Chukua wa 12,000, na ukinisoma hadi mwisho utaona kwamba kwa mwezi Juni huenda usihitaji kununua wowote. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu 85,000 ni hela nyingi kwa mzazi anayejipanga, na kwa sababu hadithi uliyopewa dukani naisikia mezani kwangu kila wiki kutoka kwa watu ambao tayari wameshalipa.

Tuanze na PS4 yenyewe, yaani PlayStation 4, mashine ya gemu ya kampuni ya Sony. PS4 ya kawaida iliyotoka mwaka 2013, na PS4 Slim ya mwaka 2016, hazitoi picha ya 4K kabisa. Mwisho wake ni 1080p, ile tunayoiita Full HD, yenye robo tu ya vidoa vya picha vilivyomo kwenye 4K. Inayotoa 4K ni PS4 Pro peke yake. Muombe muuzaji aigeuze usome namba iliyoandikwa kwenye karatasi ndogo: ikianza na CUH-10, CUH-11 au CUH-12 ni ile nene ya mwanzo, CUH-20, CUH-21 na CUH-22 ni Slim, CUH-70, CUH-71 na CUH-72 ni Pro. Kama si Pro, basi hakuna picha ya 4K ya kuuawa na waya. Haipo.

Na hiyo Full HD haina uzito wa kutisha. Picha ya 1080p ya fremu 60 kwa sekunde inataka waya upitishe karibu gigabiti 4.5 kwa sekunde. Waya wa daraja la High Speed, ambalo ndilo la nyaya nyingi za bei ya chini, ulipangwa kupitisha 10.2. Waya halali wa 8K hupitisha 48. Ukikodi semitrela kubeba gunia moja la mchele kutoka Tandale hadi Kimanga, gunia litafika, lakini litafika gunia moja.

Najua swali linalofuata, kwa sababu kila mteja huniuliza: hata kama uzito unatosha, waya mzuri si utaleta picha safi zaidi? Watu hawakuanza kuamini hivyo kwa ujinga. Wanakumbuka jambo la kweli. Enzi za PS2, picha na sauti zilipita kwenye zile nyaya tatu za rangi, njano, nyeupe na nyekundu. Picha ile ilikuwa analojia, umeme unaopanda na kushuka, na kila kilichouchafua njiani kilionekana kwenye kioo. Waya mbovu ulileta mawimbi, rangi zikapauka, na ukipita karibu na waya wa feni picha ikatetemeka. Wakati ule, kuongeza hela kwenye waya kulionekana kwa macho.

HDMI, ambayo maelezo yake ya kwanza yalitolewa Desemba 2002, haipitishi picha kwa namna hiyo. Inapitisha tarakimu. Fikiria unatumiwa 10,000 kwa M-Pesa. Uwe na kitochi au simu ya milioni mbili, inayoingia ni 10,000 ile ile. Simu ya bei haiigeuzi kuwa 11,000. Ama muamala umefika ama haujafika. Tarakimu za HDMI zikifika, rangi ni ile ile, wekundu wa jezi ni ule ule, nyasi ni zile zile, kwa waya wa 12,000 na kwa waya wa 85,000. Zisipofika huhitaji jicho la fundi kugundua: utaona chenga, vidoa vyeupe vinavyorukaruka, au kioo kinakuwa cheusi sekunde moja kisha kinarudi, au TV inakuambia hakuna mawimbi. Hakuna hali ya katikati ambapo waya unapausha rangi kidogo au kufifisha picha kidogo. Mtu anayekuambia waya wake una "rangi nzito zaidi" anakuuzia kitu ambacho mfumo wenyewe hauna pa kukiweka.

Dhahabu ina kazi yake, na nataka kuwa mkweli kwake. Haiongezi picha, lakini haishiki kutu, na sisi tunaishi kando ya bahari. Nimefungua vifaa vya wateja wa Kigamboni na Msasani nikakuta pini zimeota ukoko wa kijani kwa hewa ya chumvi. Ila dhahabu hiyo ni ngozi nyembamba mno, na hata waya wa bei ya chini mara nyingi huwa umepakwa. Humlipi mtu 73,000 za nyongeza kwa ajili yake.

Kuhusu waya kuunguza TV, hapo muuzaji amechanganya mambo, na ningependa ujue kinachounguza kweli kwa sababu una ving'amuzi viwili na bila shaka kuna dishi juu ya bati. Ndani ya HDMI kuna mawimbi madogo na njia moja ya volti 5. Waya mzima wa bei ndogo hauna nguvu ya kuunguza kitu. TV nyingi zilizokufa poti ya HDMI ninazoletewa msimu wa masika zimepigwa kutoka nje: radi inapiga jirani, umeme unashuka na waya wa dishi, unaingia kwenye king'amuzi, unavuka kwa HDMI na kufika kwenye TV. Waya wa 85,000 ungeuvusha vizuri tu. Kinga yake ni dishi kufungwa waya wa ardhi, na ngurumo zikianza, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi na uchomoe plagi ukutani. Jambo la pili ni soketi zisizo na ardhi. Kama ukigusa chuma nyuma ya TV unahisi kijishoti kinakuchonyota, usichomeke wala kuchomoa HDMI vifaa vikiwa vimewashwa. Zima vyote ukutani kwanza, unganisha, halafu washa. Na umwite fundi umeme aangalie ardhi ya nyumba; hela ya waya ule ingefanya kazi ya maana sana hapo.

Tena waya mnene una ubaya wake. Mwaka 2014 nilinunua mmoja wa namna hiyo kwa ajili ya PS3 yangu, kwenye duka ambalo nililiamini. Ulikuwa mgumu kama mpira wa breki, kichwa chake cha chuma kizito, na kabati langu lilikuwa limesogea karibu na ukuta. Waya ukawa unainyanyua poti kila siku, kidogo kidogo. Baada ya miezi pini mbili zilipinda na picha ikawa inakuja na kuondoka. Kubadilisha poti ile kulinigharimu zaidi ya waya wenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nashika bunduki ya kulehemu. Poti ya HDMI iliyochoka ni moja ya matatizo ninayoyaona sana kwenye PS4 na PS5 za mjini hapa, na chanzo ni mtoto kuvuta mashine na waya ukiwa ndani, au waya mgumu uliokunjwa kwa nguvu nyuma ya kabati. Chukua waya mwembamba unaopinda vizuri.

Wapo wanaohitaji waya wa gharama. Mwenye PS5 na TV inayokubali 4K kwa fremu 120 anahitaji waya wenye daraja la Ultra High Speed, lakini PS5 mpya huja na waya wake ndani ya boksi. Mwenye ukumbi au kibanda umiza anayetaka kupeleka picha mita 10 hadi kwenye projekta naye anahitaji waya wa aina maalumu, kwa sababu waya wa shaba wa kawaida unaanza kuchoka ukishapita mita 5 hivi. Nyaya halali za Ultra High Speed zina lebo yenye msimbo unaoskaniwa kwa simu. Boksi lililoandikwa "8K" kwa herufi kubwa bila lebo hiyo lina maandishi tu. Na hizi namba za HDMI 1.4, 2.0 na 2.1 ni za vifaa na poti zake. Waya hupewa jina la kasi, haupewi namba ya toleo.

Kwako wewe, mita 1 na nusu inatosha. Uchomeke pale pale dukani kwenye TV yao, washa, acha dakika kumi, utikise kichwa cha waya taratibu. Picha isipokatika, umepata waya.

Sasa PS4 yenyewe, maana hiyo 550,000 ndiyo yenye hatari, na nimesikitika kwamba muuzaji alikupa maelezo mengi ya waya na hukuniandikia hata neno moja alilosema kuhusu mashine. Usikubali kuonyeshwa taa ya bluu ikiwaka kisha ikafungwa kwenye mfuko. Mwambie aweke CD ya gemu nzito na ucheze nusu saa, ukiwa umesimama hapo hapo. Sikiliza feni. Ikianza kuunguruma kama ndege ndani ya dakika tano, ndani kuna vumbi na pesti ya kupozea imekauka; si ugonjwa wa kufa, lakini ni huduma inayotakiwa kufanywa na ishuke kwenye bei. Toa CD, ingiza, toa tena mara tatu nne. Shika waya wa HDMI ulivyochomekwa uusogeze kidogo kushoto na kulia. Picha ikizima, poti imeguswa, achana nayo. Kisha shika pedi ya kuchezea uweke mchezaji katikati ya uwanja, uachie vidole. Akianza kutembea mwenyewe, analogi, kile kijiti cha kidole gumba, imeliwa. Muulize pia kama mashine imekrakiwa. Zipo zilizofunguliwa ili zicheze gemu za kupakia bila CD, na muuzaji atakusifia kwamba "ina gemu 40 ndani." Mashine hizo hulazimika kubaki kwenye programu ya zamani, hivyo haziingii mtandaoni kucheza na wengine, na siku mtoto akikubali kusasisha, gemu zile 40 zinaweza kuwa mapambo. Ingia kwenye mipangilio uhakikishe inaunganika na intaneti hapo dukani kwa hotspot ya simu yako, na uingie kwa akaunti, kwa sababu mashine iliyofungiwa na Sony haitakuruhusu.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye namba ya PS4 hiyo. Usione aibu.

Hapa kuna waya mmoja mdogo ambao ni muhimu kuliko ule wa 85,000, na hakuna anayeutaja. Pedi ya PS4 huchajiwa kwa micro-USB. Mitaani zimejaa nyaya za micro-USB za bei ya maandazi zenye njia mbili tu za umeme ndani, bila njia za data. Pedi itachaji, lakini mashine haitaitambua pedi mpya, kwa sababu kuitambulisha kwa mara ya kwanza hupita kwenye data. Nimeletewa pedi nzima kabisa zikisemwa mbovu kwa sababu hiyo. Chukua waya unaoweza kuhamisha picha kutoka simu kwenda kompyuta; ukiweza hilo, utaweza na pedi.

Usihuzunike kwamba PS4 haitatumia 4K yote ya TV yako. Jicho zima la binadamu, likikaa zaidi ya mita 1.7 kutoka TV ya inchi 43, haliwezi tena kutenganisha kidoa kimoja na kingine vya Full HD. Sebule nyingi za Tabata, kochi liko mita 2 na nusu au 3. Kitu ambacho vidole vya Nuru vitahisi ni kingine: TV za kisasa huipaka picha dawa kabla ya kuionyesha, kulainisha mwendo, kuongeza makali, na kazi hiyo huchukua muda. Unabonyeza pasi, mchezaji anapiga baadaye kidogo. Ingia kwenye menyu ya picha ya TV uchague hali ya Game kwenye ile HDMI yenye PS4. Ni bure, na inabadilisha uchezaji kuliko waya wowote duniani.

Kuhusu gemu zenyewe, maoni yangu ni haya. Nunua CD, tena zilizotumika, usikimbilie kupakua. Tunaziita CD ingawa ni Blu-ray, na moja hubeba hadi gigabaiti 50. Gemu kubwa ukilipakua kwa bando utaumia. Likiisha utamu, unaliuza au mnabadilishana na jirani, kitu usichoweza kufanya kwa gemu la kupakua. Na zina maisha: siku mkinunua PS5 yenye sehemu ya CD, karibu gemu zote za PS4 zitachezeka humo. Ndiyo maana nawashauri wazazi wasinunue PS5 isiyo na sehemu ya CD kwa mji huu wenye soko la CD zilizotumika, hata kama bei yake inavutia.

PlayStation haina duka rasmi la Tanzania. Kwa Afrika nzima, nchi inayoweza kuchaguliwa wakati wa kufungua akaunti ni Afrika Kusini. Kwa hiyo watu hapa hufungua akaunti ya nchi nyingine na kununua kadi za salio. Kadi ya nchi moja haiingii kwenye akaunti ya nchi nyingine, na nyongeza za gemu lazima zilingane na eneo la CD. Ikibidi, chagua nchi moja ubaki nayo, na usimuachie muuzaji akufungulie akaunti kwa barua pepe yake. Siku akibadilisha nenosiri, kila ulicholipia kimeondoka naye. Kwa likizo moja ya Juni, watoto wawili na pedi mbili hawahitaji malipo yoyote ya mtandaoni. Wakipenda mpira wa mtandaoni, eFootball, ile iliyokuwa PES hadi mwaka 2021, ni ya bure.

Mimi ningeanza na CD moja ya mpira. Mfululizo wa FIFA uliishia FIFA 23, na tangu 2023 unaitwa EA Sports FC, lakini FIFA 22 au 23 iliyotumika inapatikana kwa bei ya chini na kwa mtoto wa miaka 9 goli ni goli. CD ya pili iwe Minecraft, ambayo wataicheza pamoja kwenye kioo kimoja na ambayo inamtuliza mtoto akajenga badala ya kugombana. GTA V ina alama ya miaka 18 kwenye jalada. Nuru ataiomba, maana wenzake wa mtaani watakuwa wameicheza kwenye vibanda vya gemu. Nakusihi umkatalie kwa sasa. Nasema hivi kama baba, niliyekaa na gemu lile nikalimaliza.

Umeme usikutishe. PS4 Slim na TV ya inchi 43 pamoja ni kama wati 160. Kwa bei ya karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na tozo, ambayo nyumba nyingi za mjini tunalipa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, saa mbili kila siku kwa mwezi ni kama 3,400.

Sasa nije kwa Baba Nuru, maana ameona jambo. 60,000 na 28,000 ni 88,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 1,056,000. Kila mwaka, dada yangu, karibu PS4 mbili kama hiyo zinapita kwenye kioo chenu bila kubaki. Simlaumu mtu. Mpira ni wetu wote, na gharama hii mmeletewa na namna haki za kuonyesha zinavyouzwa. Azam, wenye Azam TV, walisaini na TFF, shirikisho la soka, mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ligi Kuu ya Uingereza iko SuperSport, kwenye DStv. Kila mmoja analipa mabilioni ili mwingine asiwe nayo, na nyumba inayopenda Simba au Yanga na pia Arsenal au Manchester United inajikuta na rimoti mbili. Juu ya hapo kuna VAT ya asilimia 18, na haki za ligi za nje hununuliwa kwa fedha za kigeni. Kinachoniuma ni kwamba mtu hulipia chaneli nyingi sana ili aone mbili, na haruhusiwi kuzichagua hizo mbili peke yake. Naamini hilo lilipaswa kubadilishwa siku nyingi.

Lakini ligi ya Uingereza inaisha mwishoni mwa Mei na kuanza tena katikati ya Agosti. Nyumba nyingi zinaendelea kulipia kifurushi kikubwa Juni na Julai kwa mazoea, kwa sababu tarehe ya mshahara ni tarehe ya kulipia king'amuzi. Acha kile cha 60,000, ambacho naamini ndicho cha DStv, kilale miezi hiyo miwili: 120,000 imerudi, na ndiyo pedi ya pili pamoja na CD. Msimu ukianza, msilipie siku ya mshahara. Lipieni asubuhi ya mechi mnayoitaka, kwa sababu siku zinaanza kuhesabiwa hapo. Kati ya Septemba na Machi ligi husimama mara kadhaa kupisha timu za taifa, kila mara karibu wiki mbili; kifurushi kikiisha mwanzoni mwa mapumziko hayo, kiacheni hadi Jumamosi ligi inaporudi. Mkifanya hivyo kila mapumziko, mnaokoa zaidi ya malipo ya mwezi mmoja, na hamjakosa mechi hata moja ya klabu.

Wala msiongeze kifurushi kwa sababu TV mpya ni ya 4K. Chaneli za HD mnazolipia zinakuja kwa ukubwa wa Full HD au chini yake, na TV ndiyo inayozitanua. Kwa Netflix ni kweli 4K ipo, lakini saa moja ya 4K inaweza kula gigabaiti 7, na ya HD 3. Kwa wenye faiba isiyo na kikomo ni sawa. Kwa bando la simu, hapana.

Jambo la mwisho ni pa kuiweka. Tafadhali isikae ndani ya droo ya kabati chini ya kitambaa cha kufuma. Najua vitambaa vile vinapendeza, hata kwetu vipo, lakini PS4 inavuta hewa na kutoa joto nyuma, na ikifunikwa inajipika. Iache nafasi ya kiganja kimoja nyuma na pembeni. Umeme ukikatika wakati wanacheza, itakapowaka itakuambia haikuzimwa vizuri na itajikagua. Waisubiri imalize, wasiizime tena katikati.

Na kuhusu waya: nyuma ya TV yako sasa hivi kuna nyaya mbili za HDMI, kila king'amuzi na wake. Tarehe 1 Juni, kile cha 60,000 kikilala, zima ukutani, chomoa waya wake upande wa king'amuzi, uchomeke kwenye PS4. Unatosha. Kisha mwambie muuzaji akupe na ule uliokuja na mashine, kwa sababu PS4 ilitoka kiwandani ikiwa na waya wake ndani ya boksi. Asipokuwa nao, katikati ya Agosti, Baba Nuru atakapotaka king'amuzi chake kiwake, nendeni mkachukue ule wa 12,000.